Ishirini Safi ya Batuli

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Daftari, asalaam aleikum. Natumaini hujambo. Sisi hapa Kihesa ni wazima. Baba Batuli, yaani Zubery, mzima, yupo dukani anauza misumari na mabati. Mama mkwe mzima, miguu tu inamsumbua na baridi hii ya Iringa. Anasema kwao Bagamoyo hakuna baridi, nami namwitikia ndiyo mama, ingawa alitoka Bagamoyo ana miaka sita. Ibrahimu mzima, yupo darasa la pili, jino la mbele limemtoka. Kuku wazima, isipokuwa yule mweupe. Batuli mzima. Ni kwa sababu ya Batuli nakuandikia.

Sijawahi kuandika shajara. Niliishia darasa la nne, na huko tulifundishwa barua tu, na barua huanza na salamu. Kwa hiyo nimesalimu. Daftari hili kanipa Batuli mwenyewe. Alisema mama, hofu ikikupanda iandike humu, usije nayo shuleni. Wiki iliyopita nilikwenda shuleni mara nne.

Hofu yangu ni hii. Batuli yupo kidato cha tatu, na Jumamosi timu yake inacheza fainali ya Kombe la Kengele kule Mbeya. Ni mashindano ya maswali. Timu mbili, watoto wanne kila upande, kila mtoto na kengele yake mezani. Mwalimu anasoma swali, anayejua anabonyeza, hata kabla swali halijaisha. Maswali ishirini. Kwa miaka kumi na moja hajatokea mtoto mmoja aliyejibu yote ishirini peke yake, bila kukosa, bila kumwachia mwenzake hata moja. Wenyewe wanaita ishirini safi. Atakayeipata, jina lake litachorwa kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa bwalo la shule yake.

Nusu fainali Batuli alijibu kumi na nane. Mawili yaliyobaki hayakuchukuliwa na wapinzani. Yalichukuliwa na Blessing, wa timu yake mwenyewe! Binti wa Lea, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye nilimpa chumvi asubuhi ya siku ile ile.

Jina langu shuleni lilisomwa mara ya mwisho kwenye orodha ya watoro. Sikuwa mtoro. Nilipelekwa kulea mtoto wa shangazi. Sasa nataka jina la mwanangu ukutani, kila anayekula wali pale alisome.

Nimeamua. Blessing lazima anyamaze kwa dakika arobaini. Sitaki adhurike, ni mtoto mzuri. Anyamaze tu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Sedekia anayefundisha timu. Sikwenda mikono mitupu. Mdogo wangu Shufaa wa Rujewa alikuwa ameniletea mchele, nikabeba kilo kumi kichwani.

Nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Ng'ombe alikufa mwezi wa sita. Nikampa pole. Ndipo nikaingiza, taratibu, kama Blessing hawezi kupumzishwa Jumamosi, maana namwona amekonda. Mwalimu akasema timu ni watoto wanne. Nikasema basi awepo, ila kengele yake isiwekwe betri.

Mwalimu akavua miwani. Akaniuliza kama usiku nilipata usingizi. Akasema pointi ya Blessing ni pointi ya Batuli, kwani mimi nikisonga ugali nyumbani huwa nahesabu nani kageuza mwiko mara ngapi? Nikasema mama mkwe akiwepo, nahesabu.

Mchele akapokea. Nikarudi nina matumaini.

Jioni Batuli karudi anacheka. Mwalimu alisimama gwarideni akatangaza kwamba Mama Batuli ametoa mchele kwa ajili ya timu nzima, apigiwe makofi. Wakapikiwa wali na maharage. Blessing alikula sahani mbili, na kwenye mazoezi akajibu maswali saba. Hajawahi kujibu saba tangu azaliwe.

Nimemlisha mwenyewe. Mchele wa mdogo wangu.

Jumatano, 17 Septemba

Mpango wa pili: kwaya. Lea na Blessing wanaimba kwaya ya Kilutheri, na nimesikia Jumamosi kwaya inakwenda kuimba harusini Ilula. Nikaona hapo pana mlango. Nikachukua kikapu cha nyanya nikaenda kwa Lea, nia yangu kumwambia sauti ya Blessing ikikosekana harusi itapooza.

Lea akaniwekea chai na viazi vitamu. Nikaanza mbali, nikasifu pazia. Kabla sijafika kwenye kwaya, Lea akashusha sauti. Akasema Mama Batuli, wewe ni kama dada yangu, nikwambie kitu. Blessing hajalala siku mbili. Anaiogopa kengele. Nusu fainali alijua majibu matano, akabonyeza mawili tu, mkono ulikuwa unatetemeka. Sasa anasema haendi Mbeya, abaki aimbe kwaya. Wewe unaonaje?

Daftari, mpango wangu ulikuja wenyewe ukakaa kwenye kiti. Nilitakiwa kusema neno moja tu: abaki.

Mara Blessing akaingia. Shikamoo mama. Macho yamevimba kama ya mtu aliyekata vitunguu vya Ruaha Mbuyuni gunia zima. Mdomo wangu ukakataa. Nikamwambia njoo hapa mwanangu, kaa. Nikageuza kifuniko cha kopo la sukari nikakiweka mezani. Nikamwambia kengele ni kama kifuniko cha sufuria iliyo motoni. Ukikigusa kwa kusitasita kinakuunguza, ukikikamata mara moja hakikufanyi kitu. Bonyeza. Akabonyeza. Tena. Akabonyeza. Nikawa namuuliza yale ninayoyajua mimi, kama mwezi gani unatangulia Ramadhani. Hakujua. Nikamfundisha, Shaabani. Tukabonyeza kifuniko mpaka kikabonyea.

Lea alinikumbatia mlangoni akanipa mayai sita.

Batuli kanieleza jioni kwamba Blessing amekuwa mwepesi ghafla, hata mwalimu ameshangaa, sijui kalishwa nini. Nikasema mayai pengine.

Alhamisi, 18 Septemba

Sina mpango. Nimekaa tu.

Jioni nimeloweka mahindi na maharage. Sasa ninao.

Ijumaa, 19 Septemba. Mbeya

Mpango wa tatu ni makande. Mtu hawezi kushiba makande yaliyoungwa karanga, na parachichi juu yake, halafu akawa mwepesi wa kitu chochote. Baba Batuli akila makande mchana, mteja anaweza kuondoka na duka. Kesho asubuhi nitampa Blessing bakuli moja kubwa, kwa mapenzi yote, na mpaka saa nne atakuwa anaona mezani kengele mbili. Batuli hayumo hatarini, maana akiwa na hofu hali kitu. Amenirithi hofu, hakunirithi tumbo.

Tumepanda basi dogo la kukodi: timu, Mwalimu Sedekia, Lea, mimi, na ndoo ya makande mapajani kwangu. Mwalimu akauliza ndoo ina nini. Nikasema upendo.

Makambako Lea akaanza kutapika. Nikamshika kichwa, nikamfuta uso kwa kanga yangu, nikamtafunisha tangawizi. Akasema jirani kama mimi hajapata kuona, hata ndugu zake hawamfikii. Nilijisikia vibaya mpaka Igawa. Baada ya Igawa nikawa sawa.

Uyole nikanunua parachichi. Makubwa.

Batuli alikuwa kiti cha nyuma na Blessing wakiulizana maswali, kitabu kimoja mapajani mwa wote wawili. Alipita akanong'ona sikioni kwangu. Alisema mama, mimi naitaka sana hiyo ishirini, usimwambie mtu. Nikamwambia nani, mimi? Simwambii mtu.

Tumelala bweni la shule ya huku. Timu ya Mbeya nayo ipo bweni la ng'ambo ya uwanja. Baridi ya huku inamzidi hata mama mkwe.

Jumamosi, 20 Septemba

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi jikoni nikayaunga makande. Nikajaza bakuli, nikakata parachichi zima juu, nikampelekea Blessing kwenye meza ya bwalo. Nikamwambia kula mwanangu, safari ya jana ilikuchosha.

Nilisahau kitu kimoja. Mtoto wa Lea amelelewa. Hawezi kutia kijiko mdomoni watu wanamtazama. Akainua uso akasema karibuni chakula, na hakusema kwa kona ya mdomo kama watu wa siku hizi. Alisema kwa sauti, akasogea kwenye benchi. Aroni na Ezron wa timu yetu wakakaribia. Watoto wanne wa timu ya Mbeya walikuwa meza ya pili na chai kavu. Blessing akawakaribisha nao. Wakasema asante, wakasema tumeshiba, kama inavyotakiwa, kisha wakaja. Mwalimu Sedekia akaja na bakuli lake. Mwalimu Liberatus, msoma maswali, mtu mrefu wa sauti nzito, akapita akasema harufu hii ni ya nyumbani kabisa. Nami ningefanyaje? Chakula changu, wageni mbele yangu. Nikaleta ndoo. Nikapakua. Nikasema ongeza baba, mbona umekula kidogo.

Batuli peke yake hakula. Alikaa pembeni anatafuna kucha.

Saa nne fainali ikaanza. Daftari, sijapata kuona. Watoto saba wamekaa kama magunia ya mpunga baada ya kushushwa. Kijana mmoja wa Mbeya alikuwa ameegemeza shavu kwenye kengele yake, na kila akipumua nusu ilie. Mwalimu Sedekia alilala mstari wa mbele, mikono juu ya tumbo. Hata Mwalimu Liberatus alikuwa anasoma polepole, kama anayesoma risala msibani. Na katikati ya watu hao mwanangu, njaa imemkausha, macho kama ya kipanga.

Swali la kwanza, mfupa mrefu kuliko yote mwilini. Ngriii! Batuli. Wa paja. La pili, mto unaojaza bwawa la Mtera pamoja na Kisigo. Ngriii! Batuli. Ruaha Mkuu. La tatu lilikuwa la kemia nadhani, lilikuwa na maji na namba. Batuli. La saba Batuli. La kumi Batuli. Lea pale ubavuni kwangu akaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akaomba vyangu.

La kumi na tano, Batuli. Ukumbi ukawa umeelewa. Watu wakaacha kukohoa.

La kumi na nane likaja baya. Mwalimu Liberatus akauliza, katika Biblia, Zaburi iliyo ndefu kuliko zote ni ya ngapi. Biblia! Nikasema moyoni hapa tumekwisha, mwanangu kasoma madrasa. Nikamtazama Blessing. Alikuwa ameamka. Kidole kilikuwa juu ya kengele, hakitetemeki hata kidogo, kama nilivyomfundisha kwenye kifuniko. Akamgeukia Batuli. Halafu akautoa mkono mezani, akaukalia.

Batuli akabonyeza. Mia moja kumi na tisa. Sahihi. Nani kamfundisha, mimi sijui, ila Blessing alikuwa anatabasamu huku akitazama dari. Lea aliacha kuhesabu. Alinishika mkono, nami nikaushika wake, na sikuweza kumtazama.

La kumi na tisa, Batuli.

Likabaki moja.

Mwalimu Liberatus akanywa maji. Akasoma. Katika mkoa wa Iringa hugemwa kinywaji kiitwacho ulanzi kutokana na mwanzi. Taja majira ya mwaka ambayo mwanzi huo...

Nikamtazama Batuli. Hajabonyeza. Mtoto wa mjini, mtoto wa nyumba ya dini, ulanzi atauonea wapi? Midomo imefumbwa. Mwalimu anaendelea kusoma, mwanzi huo hutoa utomvu kwa wingi. Batuli hajabonyeza. Miaka kumi na moja, na rangi ya mafuta, na mwanangu kakaa kimya.

Na mimi nilikuwa najua.

Daftari, maswali kumi na tisa yalipita juu ya kichwa changu kama ndege. Hili lilikuja likatua mkononi. Mjomba wangu Jailos alikuwa mgema, nimeshinda kwenye mianzi yake utoto wangu wote. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu nimesimama. Nikasema masika! Mvua zikishika! Unakata kichwa cha mwanzi ungali mchanga, unakata asubuhi na jioni, na ukichelewa siku mbili unakuwa mkali, usimpe mgonjwa!

Mwalimu Sedekia akaamka.

Halafu mtu mmoja nyuma akasema huyu mama anajua kazi yake.

Waamuzi wakakutana wakiwa wamesimama. Mwalimu Liberatus akasoma kanuni: swali lililojibiwa na mtazamaji linafutwa, na halirudiwi. Timu yetu imeshinda kombe, pointi mia moja tisini kwa sifuri. Batuli kajibu kumi na tisa kati ya kumi na tisa. Ishirini safi inahitaji ishirini. Akasema anasikitika sana. Akasema pia makande yalikuwa mazuri.

Nilikwenda kukaa nyuma ya ukumbi, kwenye ngazi. Nikalia. Blessing akaniletea maji kwenye kikombe, akasema pole mama, akarudi ndani. Baadaye akaja Batuli na kombe chini ya kwapa. Akakaa. Nikamwambia mwanangu, nilidhani hujui. Akasema nilikuwa najua, mama. Nilikuwa nasubiri amalize, maana mwaka jana waliuliza mwanzi wakageuza mwishoni, wakataka jina la wilaya. Alipofika kwenye utomvu, kidole changu kilikuwa njiani.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Nikamuuliza kaujulia wapi ulanzi. Akasema kwako. Ukipika huku unaimba habari za mjomba Jailos, unafikiri hatusikii.

Kisha akaniuliza kama makande yamebaki. Nikamletea ndoo nzima. Kala akiwa ameiweka katikati ya magoti, mpaka kijiko kikawa kinakwaruza. Mara kijiko kikasimama, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikamkumbatia. Alikuwa anacheka. Alisema usimpe mgonjwa, mama. Usimpe mgonjwa.

Jumapili, 21 Septemba

Tumefika Kihesa mchana. Habari zilitutangulia, Lea alikuwa amepiga simu tangu jana. Baba Batuli alinipokea mizigo, akaniuliza kama kuna mengine juu ya mianzi anayopaswa kuyajua baada ya miaka kumi na saba ya ndoa. Mama mkwe alikuwa ametandika mkeka mlangoni. Nikamwamkia. Akaitika. Kisha akaniita karibu, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli ulanzi unafaa kwa miguu.

Mwalimu Sedekia kaniletea nakala ya karatasi ya matokeo. Nimeisoma mara tisa. Swali la kwanza Batuli, la pili Batuli, inashuka hivyo mpaka chini, na mstari wa mwisho wameandika: Swali la 20, limejibiwa kwa usahihi na mzazi, Mama Batuli, halihesabiwi. Mwalimu anasema katika miaka kumi na moja haijatokea.

Kwa usahihi, wameandika. Nimemwonyesha Baba Batuli kwamba nimeulizwa swali moja na nimejibu moja, sijakosa hata moja. Akasema hukuulizwa.

Batuli kaniambia jambo lenyewe limekwisha, yeye hana kinyongo, mwakani yupo kidato cha nne na atajaribu tena, naomba tu mama mwakani ubaki nyumbani. Nikamwahidi. Nikamwapia.

Ila nimekaa nikahesabu. Kumi na tisa za Batuli na moja yangu ni ngapi? Na zote zimetoka nyumba moja. Mkuu wa shule akielezwa vizuri, ataona. Na asipoona, bwalo lina ukuta mrefu, na Jumatano saa mbili wote huwa gwarideni. Kopo la rangi ya mafuta nimeshalitoa dukani, lipo chini ya kitanda, ya bluu.

Nimemtumia mdogo wangu ujumbe, naunakili hapa usipotee:

Shufaa mdogo wangu, asalaam aleikum, sisi wazima, mchele ulifika na uliliwa vizuri. Nitumie tena kilo ishirini kwa basi la kesho, ni kwa ajili ya mkuu wa shule, ila watu wote wakisikia harufu watakuja, kwa hiyo fanya thelathini. Pia yule fundi Saulo aliyechora kibao cha mashine yenu ya kukoboa, mwambie nina kazi ya maneno mawili, BATULI ISHIRINI, aje Jumatano asubuhi na ngazi yake, aingilie geti la nyuma, akiulizwa aseme ni mzazi. Batuli asijue. Lea nimeshamwambia, atashika ngazi. Nijibu upesi, leo hii kabla ya magharibi, simu naishika mkononi.